Mary Davies, Mmiliki wa Mayfair

Historia ya Grosvenor, kampuni ya kifamilia ambayo bado inamiliki sehemu kubwa ya Mayfair na Belgravia jijini London, husimuliwa kama kazi ya wanaume: mabwana walioona mbali, mjenzi hodari Thomas Cubitt, kisha watawala wa ukoo waliopewa cheo cha Duke wa Westminster mwaka 1874. Mary Davies hutajwa kwa sentensi moja, kwamba aliolewa pamoja na ardhi yake. Masimulizi hayo hayamtendei haki.

Mary alizaliwa Januari 1665. Julai mwaka uleule baba yake, mwandishi wa hati za kisheria, alikufa kwa tauni, akamwachia madeni na takribani eka 500 za malisho na mabonde magharibi ya mji. Angali mtoto, akaposwa kwa ajili ya mwana wa Lord Berkeley. Mkataba ukavunjika Lord huyo aliposhindwa kutimiza ahadi zake za ardhi. Oktoba 1677 akaozwa kwa Sir Thomas Grosvenor. Mary alikuwa na miaka 12.

Sir Thomas alifariki mwaka 1700. Mwaka uliofuata Mary, ambaye akili yake ilikuwa imeanza kuyumba, alikuwa Paris pamoja na kasisi Mkatoliki, Lodowick Fenwick. Huko, ndugu wa kasisi huyo, Edward Fenwick, akadai amemuoa. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mume ndiye aliyeshika mapato ya ardhi ya mkewe, kwa hiyo dai hilo lilikuwa dai la eka zile zote. Mary alikana ndoa, na upande wake ukaeleza kwamba alileweshwa dawa. Mwaka 1703 baraza la wazee wa mahakama likampa Fenwick ushindi; mwaka 1705 mahakama ya juu ya kidini ikaibatilisha ndoa.

Wapo wanaomwita Mary mwendawazimu aliyekaribia kuiponza familia. Siwaungi mkono. Mgonjwa aliyezungukwa na watu wenye tamaa ya ardhi yake, akakana hadharani, anastahili kusikilizwa. Lakini ushindi ule haukumpa uhuru: alitangazwa hana akili timamu, akaishi chini ya uangalizi hadi alipofariki mwaka 1730. Mwaka 1711 Bunge lilipitisha sheria mahsusi kumruhusu mwanawe, Sir Richard, kukodisha ardhi ya mama yake kwa wajenzi.

Hapo ndipo ardhi ya ukoo huko Mayfair ilipoanza kujengwa, kuanzia mwaka 1720. Mjenzi aligharimia nyumba, ukoo ukapokea kodi ya ardhi, na muda wa hati, mara nyingi miaka 99, ulipokwisha, kiwanja na nyumba vikarudi kwa ukoo. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaijua hati ya miaka 99. Mfumo huo wa Kiingereza uliletwa kwetu na wakoloni. Belgravia ikafuata karne ya 19. Pimlico, sehemu nyingine ya ardhi hiyo, iliuzwa mwaka 1953. Sheria ya 1967 iliwapa wapangaji wa muda mrefu haki ya kununua nyumba zao, na wadhamini wa mali ya ukoo walipoipinga katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, walishindwa mwaka 1986.

Atakayeandika upya historia ya kampuni hii na aanze na kesi ya Mary Davies, ndipo aje kwa wajenzi.