Mkonge na Makocha

Mtu atokaye Voi kwenda Taveta hawezi kupita Mwatate bila ya kuuona mkonge. Safu zake zimenyoka kandokando ya njia, zikaenda mbali mpaka karibu na vilima vya Taita. Mkonge ni mmea usiokubali kuharakishwa. Mche wake hukaa kwanza kitaluni, kisha huhamishiwa shambani, na hupita miaka mitatu hivi, pengine zaidi, kabla ya majani ya kwanza kukatwa. Mwenye shamba huyajua hayo tangu siku ya kupanda. Hamfukuzi msimamizi wake katika mwaka wa pili kwa kuwa hajaona nyuzi.

Nimeutaja mkonge kwa sababu jioni, kazi zikiisha, mazungumzo ya watu wa sehemu hizi, kama ya watu wa Kenya nzima, hugeukia kandanda. Na katika kandanda subira ya namna hiyo haionekani. Kocha huletwa kwa shangwe, hupigwa picha akiwa ameshika fulana ya klabu, na kabla wachezaji hawajazoea sauti yake, husikia kwamba ameachishwa kazi. Je, mambo yamekuwa hivi siku zote? Na ni nani hasa aamuaye muda wa kocha?

Hayakuwa hivi siku zote. Katika Scotland, Willie Maley aliiongoza Celtic tangu mwaka 1897 hata mwaka 1940, yaani miaka 43. Katika Uingereza, Fred Everiss alishika kazi hiyo katika West Bromwich Albion tangu 1902 hata 1948. Msomaji asije akadhani kwamba watu hao hawakushindwa. Walishindwa mara nyingi, na Albion ilishuka daraja zaidi ya mara moja katika zama za Everiss. Lakini kazi yao ilikuwa ya namna nyingine. Cheo chao kilikuwa cha katibu: waliandika barua, walitunza hesabu, walipanga safari, na wachezaji wa kuingia uwanjani walichaguliwa na halmashauri ya klabu. Timu ikifungwa, lawama iliwaendea wengi, na lawama ya wengi haina mtu wa kumfukuza.

Aliyeibadili desturi hiyo kuliko wengine ni Herbert Chapman, aliyekuwa Huddersfield Town tangu 1921, kisha Arsenal tangu 1925 mpaka alipofariki Januari 1934. Yeye alitaka uamuzi wote wa timu uwe mkononi mwake, akapewa, akashinda. Tangu hapo meneja akawa mtu mkubwa. Na tangu hapo akawa mtu wa kulaumiwa. Alex Ferguson alipofika Manchester United mwezi wa Novemba 1986, alikaa karibu miaka minne bila ya kupata kikombe, mpaka alipotwaa Kombe la FA mwaka 1990. Wakuu wake wangalichoka mwaka 1989, wala wasingalikosa sababu, na watu wasingaliuona ule ufalme uliodumu hata 2013. Aliyemfuata, David Moyes, alipewa mkataba wa miaka sita, naye hakumaliza hata mwaka mmoja.

Na sasa turudi kwetu. Tazama Gor Mahia, klabu iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1995, kisha ikaungoja ubingwa mwingine kwa miaka 18. Mwaka 2012 Zdravko Logarušić, Mkroatia, aliiokota timu iliyochoka akaifikisha karibu kabisa na ubingwa, ukamponyoka siku ya mwisho ya ligi. Mwaka uliofuata aliondoka msimu haujaisha, akaja Bobby Williamson wa Scotland, na ubingwa wa 2013 ukapatikana mikononi mwa huyo wa pili. Logarušić alikwenda Simba ya Dar es Salaam mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Kufika Agosti 2014 Simba nao walikuwa wamekwisha kumwondoa. Williamson akachukuliwa na timu ya taifa mwaka 2014, akaja Frank Nuttall, ambaye mwaka 2015 alitwaa ubingwa bila ya kufungwa mechi hata moja katika ligi. Mtu angedhani huyo atakaa. Machi 2016 alikuwa amekwisha kuondoka. Wakafuatana Zé Maria wa Brazil, Dylan Kerr, Hassan Oktay na Steven Polack, wote kabla ya mwaka 2020 kwisha.

Watu wetu humwita kocha "mwalimu", na jina hilo nalipenda, maana ni nani aliyeona darasa likibadilishiwa mwalimu kila muhula na bado likafaulu? Lakini hapa yanipasa kukiri kwamba historia haikubaliani nami kwa wepesi. Katika miaka hiyo minane, tangu 2013 mpaka 2020, Gor Mahia walitwaa ubingwa mara saba. Walibadili makocha kama mtu abadilivyo shati, na bado walishinda. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba wapinzani wao nao walibadili vivyo hivyo, na katika mbio za vilema asiyechechemea sana hutangulia. Nje ya nchi kipimo kilikuwa kingine. Gor Mahia ndio waliotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, kwa kutoka sare na Espérance ya Tunis mara mbili, 2-2 huko na 1-1 Nairobi, na bao la ugenini likawa la faida kwao. Tangu hapo hakuna klabu ya Kenya iliyoleta nyumbani kikombe cha bara.

Kwa nini basi haraka hii? Gor Mahia na AFC Leopards ni klabu za wanachama. Viongozi wake huchaguliwa kwa kura, na mpiga kura ndiye yule aliyekaa jukwaani Jumapili akiona timu yake inafungwa. Kiongozi hawezi kuwafukuza wachezaji 25 kwa siku moja, wala hawezi kuwafukuza mashabiki. Anaweza kumfukuza mtu mmoja. Klabu ya kampuni haina kura ya namna hiyo. Robert Matano alitwaa ubingwa na Sofapaka mwaka 2009, akautwaa na Tusker mwaka 2012; aliporudi Tusker mwaka 2018 alingojwa miaka mitatu, ndipo wakapata ubingwa wa 2021 na wa 2022 kwa mfululizo. Miaka mitatu, kama mkonge.

Timu ya taifa ndiyo yenye habari ya ajabu zaidi. Zamani Marshall Mulwa, Mkenya, aliachiwa timu muda wa kutosha, akatwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Lakini tangu Februari 2013 mpaka Desemba 2024 Harambee Stars walikuwa na makocha wanane, bila ya kuhesabu wa kushikilia kwa muda. Paul Put wa Ubelgiji aliajiriwa Novemba 2017, akatwaa Kombe la Chalenji Desemba, akajiuzulu Februari. Sébastien Migné aliifikisha timu katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 huko Misri, na mwezi wa Agosti mwaka huo huo akaagana nayo.

Adel Amrouche alikuwa na mkataba wa miaka mingi alipoondolewa Agosti 2014, baada ya Kenya kutolewa na Lesotho. Alishtaki, akashinda, na Kenya ikaamriwa kumlipa zaidi ya shilingi milioni 100. Fikiri, ewe msomaji uchezaye mpira bila viatu katika kiwanja cha vumbi, ni nyavu ngapi na mipira mingapi ingalinunuliwa kwa fedha hizo.

Na aliyekaa muda mrefu kuliko wote wanane ni Engin Firat wa Uturuki, ambaye Septemba 2021 alipewa mkataba wa miezi miwili tu. Jina lake lilihusishwa na timu hiyo mpaka Desemba 2024, zaidi ya miaka mitatu. Lakini katika muda huo FIFA iliifungia Kenya, tangu Februari hata Novemba 2022, na kwa miezi tisa timu ya taifa haikucheza mechi hata moja, wala haikufungwa.