Siku ya Kubatizwa si Siku ya Kuzaliwa

Leo twataka kuzungumza juu ya kile cheti cha ubatizo ambacho wazee wetu hukifunga kwa kitambaa na kukiweka chini kabisa ya sanduku. Je, twajua kukisoma?

Huko Kiambu tulizijua jamaa mbili za ukoo mmoja zilizoacha kula pamoja kwa sababu ya vyeti viwili. Baba zao, ndugu wa tumbo moja, walikuwa wamekwisha kufariki. Watoto walipotaka kuandika habari za ukoo, cheti cha mmoja kilionyesha kuwa alibatizwa mwaka wa 1931, na cha mwenzake 1944. Wana wa yule wa 1931 wakasema, "Baba yetu ndiye kifungua mimba!" Wengine wakakataa. Maneno yakawa makali, hata arusi zikafanywa bila kualikana.

Kosa lilikuwa wapi? Walisoma siku ya kubatizwa kana kwamba ni siku ya kuzaliwa. Yule wa 1931 alipelekwa shule ya misheni akiwa mtoto, akabatizwa huko. Mwenzake alibaki nyumbani akichunga mbuzi, akabatizwa akiwa mtu mzima mwenye mke.

Tumfikirie Mzee Jomo Kenyatta, aliyefariki tarehe 22 Agosti 1978. Twajua ya kuwa alibatizwa katika misheni ya Thogoto mwezi wa Agosti 1914, akaitwa Johnstone Kamau. Lakini siku aliyozaliwa haijulikani; wengi hukisia miaka ya 1890. Ubatizo wake watuambia tu kwamba alizaliwa kabla ya hapo. Rika lake la tohara, la mwaka wa 1913, latuambia zaidi: alikuwa kijana, si mtoto mchanga.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Kule Uingereza, William Shakespeare alibatizwa Stratford tarehe 26 Aprili 1564, na siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa. Lakini huko, zamani zile, watoto walibatizwa siku chache tu baada ya kuzaliwa. Ndiyo sababu watu hukisia tarehe 23 Aprili.

Basi, swali la kwanza ni hili: aliyebatizwa alikuwa mchanga au mtu mzima? Kama alikuwa mchanga, kuzaliwa ku karibu. Kama alikuwa mtu mzima, yatupasa kuuliza wazee: Alitahiriwa na rika gani? Alizaliwa kabla ya njaa ipi, au baada ya nzige? Na tukiona "1 Januari" kwenye karatasi ya mzee, tusiishike upesi. Mara nyingi ni kisio la karani.

Zile jamaa za Kiambu zilisaidiwa na bibi kizee mmoja. Aliuliza neno moja tu: "Ni nani kati yao aliyeitwa jina la babu mzaa baba?" Kwa desturi ya Wagikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina hilo, na wa pili jina la babu mzaa mama. Aliyelichukua alikuwa yule wa 1944. Watoto wakanyamaza, kisha wakaomba chai.

Wapenzi, hata Luka katika sura ya 3 afanya vivyo hivyo. Ataja mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio, kama wazee wetu watajavyo njaa na rika. Na juu ya umri wa Bwana Yesu alipoanza kazi yake asema tu kwamba ulikuwa kama miaka 30. Hakuona haya kusema "kama".

Nasi tuandike hivyo: ubatizo mahali pake, kuzaliwa mahali pake, na "yapata" pale tusipojua. Tena twende kwa wazee wiki hii, kabla midomo yao haijafungwa. Mungu atusaidie tusiligawanye kwa karatasi tumbo aliloliunganisha yeye. Amina.