Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania: Historia Fupi

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambalo waumini wake hulitaja kwa kifupi KKKT, lilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Tanganyika yalipokubali kuwa kanisa moja. Makanisa hayo yalitokana na misioni mbalimbali, yaani vyama vya kupeleka Injili ng'ambo, zilizoanza kufika nchini mwaka 1887, wamisionari wa Kijerumani waliposhuka Dar es Salaam, wakafuatiwa na wenzao wa Misioni ya Berlin waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na wa Leipzig waliojenga Machame mwaka 1893.

Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoyafundisha makanisa hayo kusimama yenyewe. Mwaka 1920 Wajerumani waliondolewa nchini na Waingereza, na sharika nyingi, yaani jumuiya za waumini wa mahali pamoja, zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa, ambao walihubiri, wakafundisha watoto na kukusanya sadaka, ijapokuwa hawakuwa na ruhusa ya kutoa Chakula cha Bwana kwa kuwa hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Hao, ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa popote, wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waasisi kabla ya mtu mwingine yeyote. Wamisionari wa Kanisa la Kilutheri la Augustana kutoka Marekani walikuja kuwasaidia, Wajerumani nao wakarejea, na mwaka 1934 walimu kadhaa wa kaskazini wakabarikiwa kuwa wachungaji. Kwa hiyo Vita vya Pili vya Dunia vilipowaondoa tena Wajerumani, sharika zilikuwa tayari na viongozi wake.

Shirikisho la makanisa hayo lililoanza mwaka 1938 liliwakutanisha viongozi hao, lakini pengine umoja ulipikwa zaidi chuoni kuliko vikaoni, kwa maana chuo cha theolojia kilichofunguliwa Lwandai, Usambara, mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954 kiliwaweka chini ya paa moja Wachagga, Wahaya, Wasambaa na vijana wa kusini, wakajifunza kwa pamoja na kufahamiana kwa majina miaka mingi kabla ya kuitwa kuongoza. Mwaka 1955 Marangu ilipokea mkutano wa Walutheri wa Afrika nzima, heshima ambayo wenyeji wake waliikumbuka kwa fahari kwa muda mrefu.

Aliyekabidhiwa kanisa jipya mwaka 1963 alikuwa Stefano Moshi, mwalimu aliyebarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1949, ambaye tangu mwaka 1958 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Kanisa la Kaskazini, mojawapo ya yale saba, na ambaye baadaye alifanywa askofu. Yeye ndiye Mkuu wa Kanisa wa kwanza, cheo cha askofu anayeliongoza kanisa zima huku akiendelea kuchunga dayosisi yake, yaani eneo la kanisa lililo chini ya askofu, na hekima ya utaratibu huo ilionekana, kwa sababu kila eneo lilibaki na sauti yake. Katika siku zake hospitali ya KCMC (Kilimanjaro Christian Medical Centre) ilifunguliwa mjini Moshi mwaka 1971, na hata shule za kanisa zilipochukuliwa na serikali, kanisa liliendelea kushirikiana na taifa kwa moyo mweupe. Askofu Moshi alifariki mwaka 1976.

Mwaka 1977 Dar es Salaam ilipokea Mkutano Mkuu wa Fungamano la Kilutheri Duniani, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Baada ya Moshi waliongoza Maaskofu Sebastian Kolowa, Samson Mushemba, Alex Malasusa, Fredrick Shoo, na kisha Malasusa tena. Wanawake walianza kubarikiwa kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, miaka ambayo pia ilikuwa na mgogoro huko Meru, ambako waumini walitaka kuwa na dayosisi yao wenyewe, mpaka dayosisi mpya ikasimama. Baadaye kanisa lilianzisha Chuo Kikuu cha Tumaini. Leo KKKT ina makao makuu Arusha, dayosisi zaidi ya 20 na waumini zaidi ya milioni 6.