Sauti ya Siti ilivyonikuta Jinja

Mwaka wangu wa kwanza Uganda niliishi Jinja, nikipiga pasi kwa mama mmoja fundi wa cherehani. Siku moja nilimsalimia mteja kwa Kiswahili cha kwetu Uvira. Akanyamaza kabisa. Alipoondoka, mama akaniambia: "Mwanangu, hapa hiyo ni lugha ya jeshi. Watu wakiisikia wanakumbuka mambo."

Mambo gani? Nilielewa polepole. Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la wakoloni, King's African Rifles. Hapohapo Jinja, Januari 1964, askari waliasi wakidai mishahara. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ikapiga marufuku nguo fupi za wanawake, na mwaka 1973 Amin akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo wamama wengi walikijua Kiswahili barabarani, kwenye kizuizi, mtu wa bunduki akiuliza unatoka wapi.

Lakini mama huyohuyo alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake kulikuwa na majarida ya zamani ambayo marehemu mume wake, dereva wa lori, alikuwa akimletea kutoka Dar es Salaam. Alishayakata mengi kuwa pateni za kola na mifuko. Moja lilibaki zima: Sauti ya Siti.

Jarida hilo lilianzishwa mwaka 1988 na TAMWA, chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania kilichoundwa mwaka mmoja kabla. Waanzilishi wake, kama Fatma Alloo, Leila Sheikh na Edda Sanga, walikuwa watu wa redio na magazeti. Walichoka kuona mwanamke akiandikwa kama pambo tu. Wakaandika wenyewe, kwa Kiswahili: vipigo vya nyumbani, ubakaji, wasichana wanaofukuzwa shule kwa mimba, afya, kazi. Kelele za TAMWA na wenzao zilisaidia kuleta sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998.

Na Siti ni nani? Ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, wakati utumwa bado upo kisheria. Jina alilopewa na wazazi ni Mtumwa. Alikuwa akitembeza vyungu mjini, akiita wanunuzi kwa sauti, na sauti hiyohiyo ikamfanya mwimbaji wa taarab. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV. Wimbo wake mmoja, Kijiti, unahusu mwanamke aliyeuawa: mtuhumiwa akatoroka, wakafungwa wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Kumbe miaka 60 kabla ya jarida, habari za jarida zilikuwa zinaimbwa tayari! Ndiyo maana jina lile linafaa.

Uganda nayo haikulala. Wanahabari wanawake wa hapa waliunda chama chao, UMWA, mwaka 1983, na mwaka 2001 wakafungua redio, Mama FM. ACFODE, iliyoanzishwa mwaka 1985 baada ya mkutano wa wanawake wa dunia kule Nairobi, ilitoa jarida la Arise kwa Kiingereza. Kazi nzuri. Ila sisi tuliovuka mpaka na Kiswahili peke yake, Kiingereza kilitupita juu ya kichwa.

Nilipohamia Mbale, mama alinifungia lile jarida kwenye kipande cha kitenge. Nikamwuliza, "Na pateni je?" Akasema, "Nitakatia karatasi ya saruji."

Sasa Jumamosi tunakutana wanawake kama saba hivi, Wakongo na wenyeji, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanachambua maharage. Jirani yetu Mgisu mwanzoni alikaa mlangoni, hataki lugha ya askari. Tulipofika kwenye habari ya mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji, akaingia ndani, akaketi. Akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia. Halafu akaanza kusimulia ya kwake, kwa Kiswahili chake cha kuunga-unga. Hatukumsahihisha hata neno moja. Ndiyo sababu na mimi naandika hapa kwa Kiswahili. Lugha hii iliwahi kutuamrisha, ndiyo, lakini muuza vyungu alishaitumia kusema ukweli.