Vifaranga wa mayai wakigeuka majogoo, mnunuzi ana haki gani?

Ufugaji wa kuku wa mayai umeshika kasi katika vijiploti vya Gataka, Kitengela na sehemu nyingine za Kaunti ya Kajiado. Pamoja nao umezuka mgogoro ambao hauishi: mfugaji aliyelipia mitetea 100 wa siku moja hugundua, baada ya wiki kadhaa za kulisha, kwamba thuluthi yao ni majogoo.

Hasara yake si bei ya kifaranga pekee. Kuku wa mayai hula takriban kilo 6 za chakula kabla ya kuanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 20. Majogoo 30 basi watakuwa wamemaliza zaidi ya magunia matatu ya kilo 50. Aidha, kuku bora hutaga hadi mayai 300 kwa mwaka. Waliokosekana 30 ni trei 300 ambazo mfugaji alikuwa amezihesabu katika mipango yake, pengine hata katika mkopo wa chama.

Kosa hutokeaje? Kifaranga wa siku moja haonyeshi jinsia yake waziwazi. Wataalamu hukagua tundu la haja, ufundi ulioendelezwa nchini Japani katika miaka ya 1920, au hutazama urefu wa manyoya ya ubawa kwa aina za kuku zinazoruhusu njia hiyo. Mtaalamu hodari hupatia zaidi ya mara 95 katika kila 100, lakini hakuna anayepatia zote. Kwa hivyo majogoo wawili au watatu katika boksi la vifaranga 100 si ushahidi wa ulaghai. 30 ni jambo jingine kabisa. Kuhusu imani kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo, haina msingi wowote.

Kuna aina ambazo rangi hutoboa siri. Kwa Isa Brown, mitetea huanguliwa wakiwa na rangi ya kahawia na majogoo wakiwa wa manjano-meupe. Mnunuzi wa aina hiyo anayefungua boksi pale pale stejini, kabla matatu haijaondoka, ana nafasi ya kuwakataa wasiofaa papo hapo. Wengi hawafungui.

Mzozo ukifika mbele ya sheria, swali la kwanza si idadi ya majogoo, bali ni kile muuzaji alichoahidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31), kifungu cha 15, inasema kuwa bidhaa inayouzwa kwa maelezo ni sharti ilingane na maelezo hayo. Aliyeuza “mitetea” amefungwa na neno hilo. Aliyeuza “mchanganyiko”, kama inavyofanyika sana kwa vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, hakuahidi jinsia yoyote, na mnunuzi wake hana dai hata akipata majogoo nusu nzima. Ndiyo maana risiti iliyoandikwa “vifaranga 100” tu ni mtego. Ujumbe wa simu unaotaja mitetea, bei na tarehe, ukiambatana na ule wa malipo ya M-Pesa, ni ushahidi bora kuliko mashahidi watatu.

Swali la pili ni wakati. Mnunuzi aliyekwisha kuipokea bidhaa na kuitumia kama yake kwa kawaida hupoteza haki ya kuirudisha, ila hubaki na haki ya kudai fidia. Mara undu, ile nyama ya kichwani, inapoanza kukua na kuwa nyekundu mapema kwa baadhi ya kuku, yafaa kuwahesabu, kuwapiga picha na kumwandikia muuzaji siku iyo hiyo. Barua ya afisa wa mifugo wa wadi inayotaja idadi ya majogoo huondoa ubishi mwingi. Anayenyamaza hadi wiki ya 20 ataulizwa kwa nini aliendelea kulisha, maana sheria humtaka mdai apunguze hasara yake: awauze majogoo, kisha bei aliyopata iondolewe katika dai.

Madalali hupenda kumwelekeza mnunuzi kwa kampuni iliyoangua vifaranga. Mkataba, hata hivyo, ni kati ya mnunuzi na aliyemuuzia, na huyo ndiye wa kudaiwa kwanza. Akitaka, naye aidai kampuni.

Mazungumzo yakishindikana, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kufungua milango Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021 kabla ya kuenezwa katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mdai aweza kujitetea bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe katika siku 60. Mkazi wa Gataka aulize kwanza katika sajili ya mahakama ya Kajiado kuhusu mahali pa kuwasilisha dai.

Utaratibu huu unahusu mifugo halali pekee. Wapo wanaonunua kobe wa kufuga nyumbani na kulalamika baadaye kwamba “dume na jike” waliouziwa ni majike wawili. Kwa kobe wachanga jinsia ni vigumu mno kutambua, na kwa spishi nyingi huamuliwa na joto la mchanga mayai yanapofukiwa. Lakini chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kufuga kobe bila leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni hatia. Mnunuzi wa aina hiyo akienda kushtaki, huenda akageuka mshtakiwa kabla muuzaji hajaitwa.