Moto Wenye Kikomo

Mwaka 379 huko Ponto, katika Uturuki ya leo, mtawa Makrina alikuwa mahututi, anahema kwa taabu. Mdogo wake Gregori, askofu wa Nyssa, alifika kumwona, wakaanza kujadili mauti. Baadaye Gregori aliandika kitabu cha mazungumzo hayo, na humo askofu ndiye anayeuliza. Dada mgonjwa ndiye mwalimu. Makrina anatoa mfano wa kamba iliyogandwa na tope, ikivutwa kwa nguvu kupitia tundu jembamba. Tope linakwanguka, kamba inapita. Ndivyo moto wa Mungu utakavyomfanyia mwenye dhambi, na mwishowe hakuna atakayebaki nje.

Askofu aliyeandika hayo hakutengwa na Kanisa. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ulimwita baba wa mababa.

Fikra yenyewe haikuwa ngeni. Origen wa Aleksandria, ambaye baba yake aliuawa kwa ajili ya imani mnamo mwaka 202, alikwisha kufundisha kwamba adhabu ya Mungu hulenga kuponya, akiegemea Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15. Ila hakuipigia tarumbeta. Katika kitabu cha kumjibu Celsus, mpinzani wa Ukristo, anaonya kuwa si salama kuyaanika hayo mbele ya kila mtu, kwani wengi huzuiwa na hofu ya moto tu. Na zama hizohizo, kule Karthago, mwandishi Mkristo Tertullian alikuwa akingoja kwa furaha kuwaona watesi wa Wakristo wakiungua.

Mbona basi Origen alilaaniwa Konstantinopoli mwaka 553, karibu miaka 300 baada ya kufa? Kwake, wokovu wa wote ulifungamana na dhana kwamba roho ziliishi kabla ya miili, kisha zikaanguka. Watawa wa Palestina waliipeleka mbali mno dhana hiyo, hadi Kaisari Justiniani akaipiga marufuku mwaka 543. Gregori alikuwa ameikataa mapema. Wanahistoria bado wanabishana iwapo laana 15 za mwaka 553 dhidi ya mafundisho hayo zilitoka kwa mtaguso wenyewe.

Upande wa Magharibi askofu Augustino aliupinga wokovu wa wote kwa nguvu, lakini anakiri kwamba Wakristo walioona jehanamu ina mwisho walikuwa wengi sana. Kwa kejeli kidogo anawaita wenye huruma. Ushahidi wa mpinzani una uzito wake. Kusema Kanisa la mwanzo lilifundisha wokovu wa wote ni kutia chumvi. Kusema ulihesabiwa uzushi tangu siku ya kwanza ni kutia chumvi zaidi.

Hata laana hazikuimaliza fikra hiyo. Katika karne ya 7 Isaka wa Ninawi, mzaliwa wa pwani ya Ghuba inayojumuisha Qatar ya leo, aliandika kwamba Mungu hawezi kuumba viumbe ili awatese milele. Maandishi hayo yalidhaniwa yamepotea, mpaka mwaka 1983 mtaalamu Sebastian Brock alipoyakuta katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Novemba 2024 Papa Fransisko alitangaza kuliingiza jina la Isaka katika orodha ya watakatifu ya Kanisa la Roma.