Kizungu cha Kazi: Maneno ya Kushika Kabla Hujasaini Mkataba

Kutoka Ziwa la Ng'ombe hadi hoteli za Nyali na Bamburi si mbali, na msimu wa wageni ukikaribia vijana wa mtaa wanapiga shati pasi, wanabeba CV na kuanza kubisha mageti. Kizungu cha kuongea wengi mnacho, movie na mziki zimewafunza. Kinachochoma ni kile cha kwenye karatasi. Neno unalijua kabisa, kumbe pale lina maana nyingine, na ukishasaini imekula kwako.

Chukua "casual". Ukiambiwa party ni "casual", unavaa jeans na tishati. Kwa mkataba ni kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema casual ni mtu anayelipwa siku ikiisha, na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mkupuo mmoja. Sasa we mazee umepiga job kila siku miezi mitano na bado wanakuita casual? Kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema siku zako za kazi za mfululizo zikifika mwezi mmoja, unahesabiwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, na kukuachisha ni kwa notisi ya siku 28. Hilo neno moja lina pesa ndani yake.

"Probation" wengi wanaijua ya kortini, ile ya kuachiliwa ukiwa chini ya uangalizi. Kazini hujafanya kosa lolote, ni muda wa kujaribiwa tu. Mwisho ni miezi 6, na inaweza kuongezwa hadi 12 kama umekubali mwenyewe. Ndani ya muda huo notisi ni siku 7.

Halafu kuna "gross" na "net". Kwa movie, "gross" ni kitu cha kutia kinyaa. Kwa payslip ni mshahara mzima kabla haujakatwa. "Net" ni ile inaingia mfukoni. Tuseme umeahidiwa 20,000 gross. NSSF ni asilimia 6, hiyo 1,200. SHIF ni asilimia 2.75, hiyo 550. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, hiyo 300. Unabaki na 17,950. Kwa hivyo kwa interview usiulize mshahara ni ngapi ukanyamaza hapo. Uliza, "Is that gross or net?" Swali fupi, na bosi anajua hapa hachezewi mtu.

Kuna trick ya kuokota maneno mengi kwa mpigo. Kiswahili kina mwajiri na mwajiriwa, sivyo? Kizungu kinafanya hivyo hivyo mwisho wa neno: "employer" anaajiri, "employee" anaajiriwa. "Trainer" anafunza, "trainee" anafunzwa. "Interviewer" anauliza maswali, "interviewee" ndiye wewe unayetoka jasho. Hata "referee" imo: ni mtu anayepelekewa jambo aamue au aseme. Ndio maana refa wa mpira na yule mwalimu uliyemuandika chini ya CV wanaitwa jina moja. Mwambie kwanza kabla hujaweka namba yake, asije akapigiwa simu aseme hakujui.

"Borrow" na "lend" zinasumbua watu bure. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". "Borrow me your pen" ukiambia manager, umemwambia akukope kalamu yake.

Na "sorry". Sisi pwani mtu akijikwaa tunamwambia pole. Mgeni kutoka Uingereza akiteleza kando ya swimming pool ukamwambia "sorry" peke yake, anaweza kudhani kosa ni lako, labda hukupanguza sakafu. Mwambie "Are you okay?" kwanza.

Saa ndizo zimenyima watu kazi kabisa. "Nine o'clock" asubuhi ni saa tatu, si saa tisa. Ongeza sita kwa saa yetu kama inatosha ndani ya kumi na mbili, ikizidi toa sita. Shift ikiandikwa "10 pm" inaanza saa nne usiku, na matatu za kurudi Bombolulu saa hizo uliza mapema zinaisha lini.